Nimebaki na Nusu ya Dansi

Ghorofani, nyuma ya kiwanda cha sabuni
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kidoti,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. Kifua kinaendeleaje kwenye baridi hiyo? Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu shemeji yako atutoke. Siku hizi nabishana na redio.

Sasa habari yenyewe, na usicheke. Nimeingia kwenye filamu! Wanasimulia miaka yetu yote kwa dansi tu, ndani ya ukumbi mmoja, maneno hakuna. Kwanza watu wa suti na magauni marefu, kisha ile miaka dansi ilipopigwa marufuku, halafu vijana wa leo, kila mtu akicheza kivyake. Mimi ndiye mwalimu wa mitindo ya zamani.

Siku ya kupiga picha za miaka hiyo ya marufuku, wachezaji waliingia na viatu, na wimbo ulipoisha wakapiga makofi. Nikawafokea. Nikawaeleza kwamba tulicheza pekupeku, blanketi dirishani, redio chini kabisa, na kofi moja lingetupeleka ndani sote. Mwongozaji, kijana mwenye adabu zake, akasema, "Basi tuoneshe, bibi."

Hapo ndipo nilipoumbuka. Wasichana niliwafundisha vizuri, wavulana nikashindwa. Maisha yangu yote nimeongozwa, Kidoti, kuongoza sijui. Wewe ndiye uliyeshika nafasi ya mwanamume chumbani kwetu, ukinikanyaga halafu lawama kwangu! Wengine waliojua wote wametangulia.

Nikacheza peke yangu, mikono hewani. Wengine ukumbini wakafuta machozi. Sasa mwongozaji anataka filamu iishie hapo. Anasema hiyo ndiyo historia yetu.

Nimemkatalia. Nimemwambia mwenzangu hajafa, yuko mbali tu. Amekubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi ujao.

Njoo, mdogo wangu. Nimechoka kuwa peke yangu. Usinipe habari za uzee; hata ukikaa kitini utaniongoza, mdomo wako naujua. Sitaki dunia nzima inione nimekumbatia hewa, nami nina ndugu.

Nisalimie shemeji, wanao, na yule mjukuu ninayemjua kwa picha tu. Mungu awafunike nyote na akufungulie njia.

Ni mimi nikupendaye na kukungoja,
Dada yako