Saa Kumi na Moja Kasoro Dakika Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tangu asubuhi, na mvua ikinyesha mimi napata kazi. Wateja watatu, wote saa zimeingia maji. Mmoja kaifukia yake kwenye mchele siku mbili — mchele ni wa kupika, jamani! Nimemwambia: ikiingia maji usiminyeminye vitufe, ilete siku hiyohiyo nitoe betri. Kaitikia huku anaangalia simu.

Mchana kaja mama mmoja, mtandio mweusi. Kafungua leso: saa ya kiume, kioo kina ukungu, tone linatembea ndani. Ya mwanawe mkubwa, aliyezama wiki mbili zilizopita kwenye shimo la machimbo. Walimtoa kesho yake, ikiwa bado mkononi. Hataki itembee. Niikaushe tu isioze, na mishale nisiiguse kabisa. Imesimama saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Nikampa pole. Zaidi sikuuliza. Saa ile naijua.

Jumanne, 5 Machi

Nimeifungua. Ndani ya kifuniko, alama yangu: herufi mbili na tarehe, nilizichora kwa sindano Novemba. Kila saa ninayofungua naichora hivyo, ili fundi mwingine asije akanisingizia. Leo nimejishika mwenyewe.

Namkumbuka. Kijana mrefu, mcheshi, ananiita "daktari". Alitaka betri tu. Ule mpira mwembamba unaozuia maji ulikuwa na ufa, na mipya ilikuwa imeniishia. Nikaupaka grisi, nikaurudisha uleule. Kauliza kama anaweza kuogelea nayo. Nikamjibu ogelea mpaka uchoke!

Mdomo huu. Mpaka uchoke.

Nimesafisha mashine ya saa kwa spiriti, nimeiweka chini ya taa. Nimeinama — tik, tik. Nywele zimenisimama, maana betri nilishaitoa! Kumbe ni saa za ukutani. Miaka ishirini nazisikia, leo ndiyo zinanitisha.

Alhamisi, 7 Machi

Mama kaja kuiangalia. Nikampa kiti, ndipo kanieleza. Walikwenda wawili, marehemu na mdogo wake. Mdogo alitokea barabarani saa tisa na nusu, analia, anasema kaka kazama, nimemtafuta simwoni. Watu wenye kamba hawakupatikana mpaka saa kumi na mbili.

Sasa mama ananyoosha kidole kwenye kioo. Mwanangu alikuwa hai, fundi. Mpaka kumi na moja kasoro alikuwa ameshikilia jiwe, anamngoja mdogo wake, na mdogo wake amekimbia.

Hasemi naye. Anamwekea chakula mezani, anaondoka. Kijana ana miaka kumi na tisa.

Nikasema, mama, saa ni chombo tu. Kanijibu: saa haina ndugu, haimpendelei mtu.

Mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko mtaa mzima, nikashika kitambaa nikafuta meza!

Ijumaa, 8 Machi

Nimefunga duka mapema, nikajaribu. Nimeacha mashine nje, nikaweka karatasi kavu ndani ya gamba la saa, nikarudisha mpira uleule, nikafunga, nikazamisha kwenye ndoo. Nikakaa kwenye kigoda naangalia kupitia kioo. Kiputo kimoja. Muda. Kingine. Hata haja ndogo sikwenda.

Karatasi imelowa baada ya saa moja na dakika arobaini. Nikarudia: saa mbili kasoro kidogo.

Basi. Ukitoa muda huo, marehemu alizama kwenye saa tisa, kama mdogo wake alivyosema. Saa ndiyo iliyobaki inatembea, peke yake, kule chini, maji yanaingia polepole kwenye ufa wangu. Ningeweka mpira mpya wangemtoa nayo inatembea, na kijana wa watu asingeulizwa kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimebadilisha mipira ya wateja saba, bila kuombwa. Mmoja kaniuliza fundi, umeokoka? Sikucheka.

Jumapili, 10 Machi

Nilikuwa naoga, bomba limefunguliwa. Nikasikia "daktari". Nikafunga bomba. Kimya. Nimetoka na povu kichwani.

Mama watoto kauliza mbona siku ya tatu sili. Nikamweleza yote. Kasema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwambia nikitamka nani ataniletea saa tena? Kasema, na yule mtoto nani atamletea mama yake?

Nimekasirika, nimetoka nje bila viatu. Nimekasirika kwa sababu hana kosa. Naogopa. Basi, nimeandika: naogopa.

Kesho nitasema.

Jumatatu, 11 Machi

Sijaenda kwa mama. Kabla sijafunga mlango niende, kaingia mdogo mtu. Shati limemzidi mabega, bila shaka la kaka yake. Shikamoo, fundi. Katumwa kuchukua saa — kwa kikaratasi, si kwa mdomo.

Nikaanza: kijana, kuhusu hii saa kuna kitu — Kanikatiza. Anasema amekumbuka. Mwanzo alisema alipiga mbizi mara tatu, hakumwona. Lakini saa imesema vile, kwa hiyo amekaa akafikiri usiku na mchana, na sasa anakumbuka vizuri kabisa. Wakati anakimbia, kaka yake alikuwa anamwita. Sauti anaisikia, hata jina lake alivyolivuta. Leo anakwenda kumwambia mama, yaishe.

Akatabasamu! Kama mtu aliyetua gunia.

Saa iko mbele yangu kwenye leso. Mpira uko kwenye kisahani, naweza kumwonyesha ufa sasa hivi. Nimemwambia kaa kwanza, nikuandikie risiti, nikavuta daftari lililokuwa karibu, ndilo hili. Naandika, naandika, yeye anangoja kwa adabu, mikono magotini.

Ameuliza kama risiti bado. Nimemwambia bado kidogo.