Bluu Yangu na Kondoo wa Kiden

Koboko, mwezi wa kumi na mbili, 1974

Kwa mama yangu mpenzi, huko Vanga.

Shikamoo mama. Naitoa mara mbili, moja ya leo na nyingine ya miezi yote niliyokaa kimya. Goti lako linaendeleaje? Na yule mbuzi wako bado anatafuna kanga za majirani zikianikwa? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Rajab mume wangu kikohozi kimemwacha, gari lake linakwenda, na mvua ndiyo kwanza zimekatika, kwa hiyo njia ya kwenda Arua inapitika bila watu kushuka kusukuma.

Najua anayekusomea ni mdogo wangu Hamisi. Hamisi, soma yote na usiruke. Barua ya Idi uliruka, mama akaja kusikia kwa watu baki kwamba niliumwa na nge.

Mama, leo nataka nikueleze habari za Kiden. Unamkumbuka kwa jina tu: ni binti wa Rajab kwa mke wake wa kwanza, marehemu. Kwa ajili yake ndiyo Rajab aliacha kazi ya bandarini akanileta huku, mtoto apate wa kumlea. Nilimkuta ana miaka tisa, sasa ana kumi na mitatu. Mwaka ule wa kwanza nilikuandikia kwamba ana kiburi, haniiti mama, ananiita "bibi ya baba." Huku bibi ni mke, si kwamba alinizeesha, lakini iliniuma vilevile. Basi neno la kiburi nalifuta. Mtoto huyu ameniaibisha mimi mtu mzima, na nimefurahi kuaibishwa.

Shuleni kwao kuna chama cha vijana wafugaji. Kiongozi wao ni Mwalimu Lado, bwana mmoja mrefu, mkali, anayetembea na daftari kwapani kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Taratibu yao ni hii. Mtoto anapewa kondoo jike mmoja. Anamtunza mpaka azae. Mwana-kondoo wa kwanza wa kike si wake, ni wa mtoto anayefuata kwenye orodha. Anamlea, anampeleka Arua kwenye maonyesho ya mifugo, na palepale maonyeshoni, mbele ya watu, anamkabidhi mwenzake kamba. Anabaki na mama kondoo na watoto watakaofuata. Kondoo wa Kiden naye alitoka hivyohivyo kwa msichana mmoja wa Ombaci.

Kiden alipopewa alikubali haraka, kwa sababu kumtoa mwana-kondoo ambaye hajazaliwa ni kazi rahisi. Akazaliwa sasa. Jike! Mweupe pe, sikio moja tu jeusi. Akamwita Sukari, maana sukari yenyewe huku tunaiona kwa bahati. Ukisikia mtoto anaita uani, "Sukari! Sukari iko wapi?" majirani wote wanatoa vichwa.

Mama, wewe umefuga mbuzi miaka mingi lakini walahi hujaona mfugo ukitunzwa hivi. Kila alfajiri kabla ya shule anafagia banda. Maganda ya muhogo hampi mabichi, anayaanika kwanza mpaka yakauke kabisa, na kuku akisogea ole wake. Kupe anawatoa mmoja mmoja kwa vidole, mpaka ndani ya masikio. Kwato anazichonga kwa kisu kidogo cha baba yake, ulimi nje kwa kujibana asikosee. Jioni anamtembeza kwa kamba kando ya njia, anamfundisha kusimama miguu yote minne sawasawa, kichwa juu. Watu walimcheka. "Iko napeleka kondoo shule!" Yeye anaendelea kumtembeza. Mimi nilikuwa nikimchungulia dirishani na kusema moyoni, huyu mtoto kapata wapi subira hii, maana baba yake hana.

Wakati wa mvua kubwa Sukari alikula majani machanga yenye umande, tumbo likajaa upande wa kushoto kama ngoma. Akaanguka. Mimi nikaanza kelele, unanijua. Kiden hakupiga hata ukelele mmoja. Alivunja kijiti, akamkingamisha nacho mdomoni, akakifunga kwa kitambaa nyuma ya masikio ili atafune tafune na kucheua hewa. Akamwinua, akawa anamtembeza mlimani na kumsugua ubavu, juu na chini, kuanzia saa nne za asubuhi mpaka adhuhuri imeadhiniwa, bila kunywa hata maji. Sukari akacheua mara moja, mlio wa aibu kabisa. Kiden akakaa chini, akamkumbatia shingo, na hapo ndipo alipolia. Nilimletea uji akaupokea na kusema, "Asante, bibi ya baba." Nikasema moyoni, haya.

Ndipo na mimi nikaingiwa na ubaya. Nilianza kuona siku za maonyesho zinakaribia na mtoto anapunguza chakula. Mwenye zamu ya kupewa Sukari ni Anjelina, binti wa miaka minane hivi, wazazi wake ni Wakongo wanaouza samaki wakavu sokoni. Kila siku Anjelina alikuja kusimama mlangoni pa banda, mikono nyuma, anatazama tu. Nami nikamchukia, Mungu anisamehe, mtoto wa watu hana kosa. Siku moja nikamwita Kiden jikoni nikamwambia taratibu: baba yako anakwenda Oraba mpakani kila wiki, kule wanapita kondoo wengi kutoka ng'ambo ya mto Kaya. Tutampata mweupe mwingine wa umri huuhuu. Mwalimu Lado atajua nini? Anjelina apewe huyo, wewe ubaki na Sukari wako.

Mama, aliniangalia kama nimemwambia tuibe msikitini.

"Anjelina anajua Sukari," akasema. "Anajua sikio yake, anajua sauti yake. Na ule musichana ya Ombaci angefanya namna hiyo, mimi ningepata nini?"

Nikasema, "Mimi nilikuonea huruma tu."

"Mimi pia najionea huruma," akasema, akatoka kwenda kufagia banda. Nilibaki na mwiko mkononi na chakula kinaungua.

Kwa hiyo nikaamua, kama kumzuia sikuweza, basi angalau Sukari atoke na sifa. Na hapa, mama, cheka pole pole usije ukapaliwa. Unakumbuka zile pakiti za bluu ulizonipa nije nazo, za kung'arishia kanzu za Rajab? Nimezitunza miaka yote hii kama dhahabu. Jana yake ya maonyesho nikasema, watu wa Arua kesho watajua kwamba kwetu pwani tunajua kung'arisha kitu cheupe. Kiden alikuwa ametumwa kwa mama mkwe wangu, nyanya yake. Sabuni ya dukani hakuna, nikamsugua Sukari kwa ile sabuni ya majivu, nikamsuuza, halafu nikakoroga bluu kwa kipimo cha kanzu tatu. Nikammwagia. Mawingu yalikuwa yamefunga, sikuona kitu. Jua lilipotoka akakauka.

Mama, kondoo alikuwa wa bluu! Mgongoni bluu ya kuvumilika, lakini shingoni na tumboni, ilikokusanyika, bluu ya daftari la shule. Nilimsuuza mpaka maji ya mitungi yote miwili yakaisha, ikawa kama naichochea. Kiden aliporudi alisimama. Mimi nikasema, "Nimekuharibia." Nilikuwa nalia, mtu mzima mimi. Akamzunguka Sukari mara mbili, akampapasa, akasema, "Iko muzima. Rangi tu." Kisha akafunga kilemba chake akaenda kisimani. Tulisuuza pamoja mpaka magharibi.

Kesho yake tukapanda gari la Rajab, mimi, yeye na Sukari, na Anjelina na mama yake nyuma juu ya magunia. Maonyesho yalikuwa uwanjani chini ya kile kilima cha ofisi za serikali. Ng'ombe, mbuzi, kuku kwenye matenga, vijana kutoka kila pembe wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Tulipoingia kile kicheko, mama! "Hii kondoo inatoka inchi gani?" "Iko mwanajeshi ya anga!" Nilivuta kanga mpaka puani. Kiden alitembea katikati yao kama hawapo, kamba mkononi imelegea, na Sukari nyuma yake hatua kwa hatua, bila kuvutwa.

Mwamuzi alikuwa bwana wa mifugo, mzee wa miwani, hana mchezo. Alipofika kwetu hakucheka. Akasema mnyama aliyepakwa rangi haamuliwi, maana watu hupaka kuficha upele na makovu. Akageuka aende. Mwalimu Lado akafunga daftari. Nikataka kusema ni mimi, lakini niliwahiwa.

Kiden akapaza sauti. "Mzee! Mama yangu ndiyo aliosha yeye. Alitaka awe safi. Hakuna kitu tulificha. Fungua manyoya, angalia ngozi yote, mimi nangoja."

Mama yangu. Alisema hivyo mbele ya uwanja mzima, na ni jana yake tu nilimharibia kazi yake ya mwaka.

Yule mzee akarudi. Akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake safi. Akafungua manyoya kiganja kwa kiganja, akatazama meno, akanyanyua kwato zote nne na ile ya mwisho akaishika muda mrefu. Akamwambia Kiden amtembeze, amsimamishe. Sukari akasimama kama alivyofundishwa kando ya njia, sikio jeusi limesimama. Mzee akasema, "Nani alichonga hizi kwato?" Kiden akasema, "Mimi." Mzee akawaita wenzake waje kutazama. Wa kwanza hakumpa, alisema sheria ni sheria na rangi ni rangi. Alimpa wa pili, na zawadi ya kamba mpya ya katani. Watu walewale waliocheka wakapiga makofi. Mama, ningekuwa na mabawa!

Halafu ikafika ile saa. Mwalimu Lado akasoma majina. Kiden akaitwa, Anjelina akaitwa. Kiden akamvua Sukari kamba ya zamani, akamfunga ile mpya ya zawadi. Akamtilia Anjelina chumvi kiganjani, Sukari akairamba. Akamwambia yote, mimi niko karibu nasikia: maganda ya muhogo yakauke kabisa, umande umalizike kwanza, anaogopa ngurumo, wakati wa ngurumo umguse hapa chini ya sikio. Anjelina anaitikia tu. Akasema, "Nitachunga yeye kama mutu." Kiden akasema, "Jina ni Sukari. Usibadilishe." Akatia kamba mkononi mwake, akageuka, akaondoka.

Sukari alilia. Alilia vile wanavyolia wakitengwa na mama zao, anavuta kamba kumfuata. Kiden hakugeuka. Alitembea moja kwa moja mpaka garini, mgongo umenyooka, na watu wakaguna, "Huyu mutoto roho yake iko ngumu." Nami nilidhani hivyo. Nilimfuata nikamkuta nyuma ya gari, ameuma kitambaa cha kilemba, machozi yanatiririka mpaka kifuani. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hukumtazama hata mara moja?"

Akasema, "Nyanya aliniambia. Mnyama ukitoa, usigeuke. Akiona macho yako, kule anaenda atakataa chakula."

Mama, nilikaa chini palepale kwenye majani.

Siku ile Rajab aliponichukua, wewe ulinipa kile kikapu na zile bluu, ukanitengeneza mtandio, ukageuka ukaingia ndani. Basi likawa linanguruma, mimi nimetoa kichwa dirishani mpaka shingo inauma, na mlango haukufunguka. Nilijiuliza moyoni kwa nini, njia nzima mpaka Nairobi. Miaka minne mama nimekuwa na kinyongo na wewe, na ndiyo sababu ya barua zangu kuwa chache na fupi, si kazi wala posta kama nilivyosingizia. Nilidhani umenitoa kama mtu anayetoa mzigo njiani. Sasa mtoto wa miaka kumi na mitatu amenifundisha mgongo ulikuwa wa nini.

Nisamehe. Nilikula, mama. Toka siku ya kwanza nilikula, wala sikukataa chakula, na sasa mtandio ule haunitoshi.

Sukari hajambo. Kiden hajaenda kumwona, anasema bado, mpaka amzoee Anjelina. Lakini kila siku Anjelina anapita mlangoni kutoa taarifa, amekula nini na amelala vipi, na Kiden anamsikiliza akiwa ameinamia ufagio. Mama kondoo ana mimba nyingine. Mimi bluu imebaki pakiti moja na nimekatazwa kuigusa.

Nisalimie baba mdogo mwenye duka, shangazi anayesuka mikeka, na somo yangu aliyenicheza unyago, mwambie nimeanza kumwelewa. Hamisi, wewe nakusalimu ukishafika hapa bila kuruka. Rajab anakuamkia, mama, na Kiden pia. Amesema niandike, "Shikamoo bibi ya Pwani," na hilo bibi ni lile la kwenu, la mama wa mama.

Panapo majaaliwa tutakuja baada ya mavuno, sote watatu. Na siku ya kuondoka ukitusindikiza, nakuomba kitu kimoja tu, mama: simama mlangoni utugeukie. Mimi ni mkubwa sasa. Chakula sitakataa.

Mwanao,
Mwanakombo