Uzi Nilioukaza

Jumamosi

Mkono wangu huu, jamani! Binti yangu Tumaini, ambaye Tunduma nzima hana mpinzani kwa gitaa, alichagua video ya mwalimu anayelegeza nyuzi kwanza, ndipo anapiga kwa vidole. Mimi katika kulipangusa gitaa vumbi nikaona uzi umelegea, nikaukaza. Paa! Ukakatika.

"Mama, nililegeza makusudi!"

Kesho anapiga kanisani, zimebaki nyuzi tano, na uzi wa akiba hatuna. Amepekua video jioni nzima, moja baada ya nyingine, mpaka akacheka: "Tulia mama, huyu anafundisha kwa nyuzi tano."

Nyuzi tano! Mtoto wa nani mwingine ataweza? Lakini akikosea, kosa ni langu.

Nimeinuka mara mbili kulitazama gitaa. Bado lina vumbi. Siligusi.