Bonde Lililofungwa Kisaka

Kisaka, 15 Juni 2025

Bibi Mokami, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Najua hujafa, maana ungekufa kelele zingenifikia hadi huku. Goti linakusumbua bado? Na yule jogoo jeuri bado anakufukuza uani? Mimi mzima, nimenenepa, wasichana wa Kisaka wanageuza shingo nikipita.

Uliuliza kazi yenyewe ni ipi. Bibi, mimi ni mlinzi. Kijiji kimefunga bonde zima, toka mtoni hadi kwenye mawe. Miaka mitano haliingii shoka wala ng'ombe, na huu ni wa tatu. Ufunguo wa lango ninao mimi, niliyeishia kidato cha pili. Wenye vyeti wananiomba njia.

Zamani lilikuwa limekwanguliwa kama kichwa cha baba mdogo Baltazar. Afisa misitu wetu, dada Verdiana wa kutoka Bukoba, hakuleta hata mche mmoja. Alisema miti ipo, visiki havijafa. Kisiki kinatoa machipukizi kumi, tunaacha mawili yaliyonyooka, mengine tunakata. Yale mawili tunayafunga kitambaa ili kila mtu ajue yana mwenyewe. Visiki elfu moja na mia mbili, navijua vyote kwa sura. Sasa majani yananifika kifuani. Digidigi nimewaona wawili. Na chemchemi iliyokauka kabla sijazaliwa inatoa maji, maji mengi, Bibi, Kisaka nzima ingekunywa ikabakiza.

Anayeingiza ng'ombe nampeleka na kundi lake zizi la kijiji. Mmoja anachinjwa, watu wanakula, mlinzi anapewa ngozi. Ngozi nne ninazo. Sina huruma mimi.

Msalimie baba mdogo na kipara chake.

Mumeo mdogo,
Kornelio

Nyamwaga, 2 Agosti 2025

Kornelio,

Marahaba. Goti linauma. Jogoo nimemla.

Masika yalitupita bila kutuona. Ng'ombe walikuwa kumi na mmoja, wamebaki saba, na Sabuni, yule ng'ombe mweupe, leo asubuhi tumemwinua kwa miti. Barua yako nimeisoma mara nne, pale kwenye majani.

Jumatatu Baltazar anaanza kuja nao. Watafika Alhamisi au Ijumaa. Utawafungulia. Wiki mbili tu, wapate nguvu, warudi. Mama yako alipofariki nilikulea kwa maziwa yao, na hao hao ndio utakaoolea. Wakiisha, mimi nimeisha.

Safari hii usinijibu kwa mizaha.

Bibi yako,
Mokami

Barabarani Kisaka, Alhamisi, 7 Agosti 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na goti, pole na ng'ombe. Barua yako ilinifikia jana jioni. Bondeni hakuna mtandao, kwa hiyo asubuhi nimepanda huku barabarani kumpigia baba mdogo. Simu imezimwa. Wewe simu huitaki, unasema inaleta misiba. Naandikia hapa kibandani, kondakta wa Hiace ya Mugumu ananipigia mluzi.

Siwezi kufungua, Bibi. Nisikilize kabla hujanilaani. Juu ya mawe kuna wachungaji wamekaa wiki ya pili sasa, na ng'ombe wanaopita mia tatu. Hawaingii. Wananitazama tu. Mkubwa wao anaitwa Jackson, ana arobaini peke yake, na kila siku ananiuliza kwa utani ng'ombe wa kwanza ni wa nani. Wako wakiingia, hao wote wanashuka nyuma yao. Siku tatu, visiki vyote vimetafunwa, chemchemi imekuwa tope, tunarudi tulikokuwa.

Kila Jumamosi tunaruhusiwa kukata majani kwa mundu, na mlinzi ana fungu lake. Langu lote ni lako. Mtume mtu amkute baba mdogo njiani, amwambie ng'ombe wasifike langoni, wakae kwa jirani yangu mama Kezia, ng'ambo ya mto.

Nimeacha lango nusu saa. Narudi mbio.

Mjukuu wako,
Kornelio

Kisaka, 10 Agosti 2025

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea hii shikamoo.

Yamekwisha kutokea, na ni bora uyasikie kwangu. Nilipokuwa naandika ile barua, baba mdogo alikuwa ameshafika. Hakugonga lango. Alivuta miiba ya uzio pembeni ya lango akapitisha wote saba. Niliporudi nilimkuta amesimama katikati ya majani, amevua kofia, analia, na Sabuni anakula akiwa amelala maana hawezi kusimama.

Juu, Jackson na wenzake walikuwa wameshaanza kushuka. Walisimama pale pale miiba ilipotolewa. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanangoja waone nitafanya nini.

Nikamwambia baba mdogo tuwatoe. Akasema, "Barua yako ndiyo iliyotuita."

Nilichukua fimbo nikawapiga ng'ombe wako, wale walioninyonyesha, hadi wakatoka, na Sabuni nikamvuta kwa mkia na pembe hadi akainuka. Nikapita nao mbele ya Jackson nikasema kwa sauti wote wasikie, "Hawa ni wa bibi yangu. Nawapeleka zizini."

Jackson alinipisha. Kisha akageuza ng'ombe wake, wakapanda juu walikotoka.

Jana mkutano ulikaa. Mwenyekiti alimtaka baba mdogo achague wa kuchinjwa. Akakaa kwenye jiwe, akatazama chini. Mwenyekiti akanigeukia mimi, akasema, wewe unawajua. Nilimwonyesha Sabuni. Nyama sikuonja. Ngozi namtuma nayo kondakta, ni yako.

Sita wako kwa mama Kezia. Nawakatia majani ya fungu langu. Baba mdogo haongei na mimi, ila jana alichukua mundu wa pili bila kuambiwa.

Kornelio

Nyamwaga, 24 Agosti 2025

Kornelio,

Ngozi imefika. Nimeitandika kitandani, bado ina harufu. Sabuni nilimnunua nikiwa na baba yako mgongoni... hapana, huyo alikuwa bibi yake. Nimeanza kuwachanganya. Weupe wote walitoka kwa mmoja.

Baltazar amenipigia kwa simu ya jirani. Kasema uliyafanya yote mbele za watu. Nimekasirika, na sitakudanganya kwamba imekwisha. Watu wa hapa wanauliza nimelea nini. Nawaambia nimelea askari, wanyamaze.

Nataka jambo moja tu kwako. Kabla mvua za vuli hazijaanza, jua likiwa kali kabisa, nenda kwenye hiyo chemchemi yako uitazame. Uniandikie ilivyo. Nijue ng'ombe wangu aliliwa kwa ajili ya maji au kwa ajili ya maneno yako.

Bibi yako,
Mokami

Kisaka, 19 Oktoba 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafasi ya kulala. Sisi tupo, baba mdogo naye yupo, amepungua tumbo.

Mvua bado. Jana wingu lilipita likaenda kunyesha kwa wengine.

Leo saa saba mchana nimekwenda kwenye chemchemi na kidumu cha lita tano. Nimekinga, nikahesabu polepole. Kimejaa nilipofika mia mbili na kumi na saba. Nikamwaga, nikarudia, mia mbili na ishirini. Si mengi. Kisaka nzima isingekunywa, hilo niliongeza. Kaya tisa zinateka, wanawake wanapanga foleni tangu alfajiri, na jua likizama kila mmoja amepata. Ng'ombe wako sita tunawanywesha kwenye birika nje ya miiba, siku moja baada ya nyingine. Wamekonda, mbavu zinahesabika. Wote sita wanasimama wenyewe. Jackson anasubiri zamu nyuma yetu.

Visiki vinane vilitafunwa siku ile. Vitano vimechipua tena, vitatu sijui.

Mara ya tatu alihesabu baba mdogo, kidumu ameshika yeye, ili usiseme ni mimi. Alipata mia mbili na kumi na tisa.

Mjukuu wako,
Kornelio