Kwa Nini Kaka Anataka Jenereta

Jumatatu, 21 Julai 2025

Mwanangu Aneth kaniletea wageni. Watu sita wa ofisini kwao Mtumba, wanataka kulala porini sikukuu ya Nane Nane. Wenzao wote watakuwa Nzuguni kwenye maonyesho, wao wanataka tembo. Sawa. Mahema ninayo, masufuria ninayo, mpishi ni mimi. Kuwaongoza ni kazi ya kaka Nikodemo, askari wa wanyamapori miaka thelathini, kila korongo chini ya Kibakwe analijua. Tumekubaliana hii ndiyo biashara yetu ya ustaafu – mwalimu na askari. Nane Nane ikienda vizuri, wageni watakuja tena. Ikiharibika, tumekwisha.

Shida ni umeme. Wanataka taa, wanataka kuchaji simu, mmoja ana kamera, mwingine eti anakuja na kompyuta. Sasa si wangebaki ofisini tu.

Aneth anasema ninunue sola kwa fundi mmoja anayemjua. Kaka anasema jenereta. Nimemwuliza mwanangu, huyo muuza sola unamjua wapi? Kacheka. Mtu akiulizwa akacheka, ana lake jambo.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda Nkuhungu kwa huyo fundi, Anyitike. Kijana msafi, maneno matamu, "mama mwalimu" kila baada ya sentensi. Nikashika mkoba wangu vizuri.

Paneli imeandikwa wati mia mbili. Nikamwambia kuandika hata mimi najua, nimeandika ubaoni miaka thelathini na tatu. Akaitoa nje juani, akaunga betri, akawasha taa tatu na feni. Zikawaka. Lakini kuwaka dukani si kuwaka porini, na mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Je, wingu? Akasema mama mwalimu, Julai hii Dodoma wingu litoke wapi? Hapo kweli. Je, vumbi, na huu upepo wetu? Nifute kwa kitambaa kibichi kila asubuhi. Je, kivuli? Kambi iko chini ya migunga. Paneli nitaiweka uwazini, atanipa waya mrefu. Ana jibu la kila kitu. Hilo nalo limenitia shaka.

Nikampigia kaka anisaidie kuamua. Hakupokea. Siku hizi hapokei kabisa – anakata, halafu anaandika. Leo kaandika kwa herufi kubwa: JENERETA. SOLA HAIFAI.

Haifai kwa nini? Hajasema. Na kwa nini simu hapokei? Yuko na nani? Mke wake kafariki mwaka juzi, anaishi peke yake kule Kibakwe, mwanamume mwenye pensheni. Mimi siyo mtoto.

Jumamosi, 26 Julai. Kambini

Tumekuja kujaribu. Kaka kakodi jenereta kwa jirani yake. Aliivuta kamba mara nne, ikawaka – mngurumo huo! Kanga wote wakaruka. Moshi ukaja mpaka kwenye sufuria yangu. Nilisali kabla ya kula na sikujisikia mwenyewe, sijui Mungu alisikia nini.

Lakini kaka! Sijamwona na furaha hivi tangu amzike wifi. Anacheka, anapiga hadithi, anamtania Aneth. Tunapigiana kelele kama watu walio kwenye mashine ya kusaga, na yeye anafurahia. Mtu gani anafurahia makelele?

Mtu anayekula kwenye petroli, ndiye. Nimewaza sana. Jenereta inakunywa, nani atajua imekunywa kiasi gani? Leo lita tatu, atasema nne. Nimechukua mkaa nikachora alama ubavuni mwa dumu, upande wa nyuma, asipouona. Kaka yangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 27 Julai

Saa nne za kuwasha, lita tatu kasoro. Nimepima kwa kikombe cha uji. Sawasawa na alivyosema. Hakuna hata tone lililopotea.

Basi nikafikiri ni mwanamke. Mafuta anayafuata Kibakwe kwa bodaboda, kila mara mwenyewe, hataki kumtuma mtu. Nikaenda kwa Yudith, yule anayeuza petroli kwenye chupa pale barabarani. Mwanamke mzuri, bado kijana. Nikamchunguza kuanzia kilemba mpaka kandambili. Anasema huyo mzee anakuja, anaonyesha vidole vitatu, analipa, anaondoka. Hata kupatana hapatani. Wala habari za nyumbani haulizi. Yudith anadhani ni mzee mwenye maringo.

Kaka Nikodemo, maringo? Yule aliyekuwa akisimama njiani nusu saa kumsalimia mtu mpaka na mbuzi wake?

Haibi. Hana mwanamke. Basi anataka nini na hiyo jenereta? Ningemkuta anaiba ningelala. Sasa silali.

Alhamisi, 31 Julai. Kambini

Nimenunua sola. Nimemwambia Anyitike, ikizima kabla ya Krismasi nitakuja kukaa mlangoni kwako na kiti changu.

Inafanya kazi. Tumeifunga juu ya jiwe uwazini, kila kitu kimejaa chaji, taa nyeupe, kimya. Kimya kitamu hicho. Nimesikia upepo kwenye migunga, nimesikia ng'ombe wa watu huko mbali sana wanarudi na njuga zao.

Kaka kanuna. Siku nzima. Kakaa juu ya jabali katupa mgongo. Nilipika ugali wa uwele na mlenda, anavyopenda, nikamwita – kimya. Nikamwita mara ya pili, kimya. Ya tatu nikamfuata nikamshika bega. Karuka kama aliyekanyaga nyoka. Eti, "Nilikuwa nawaza."

Nikamwambia tukiwa tunakula: Kaka, kama hutaki kazi hii, sema, tusiharibiane. Akanikodolea macho. Siyo machoni – mdomoni, kama vile nina mlenda kwenye meno. Kisha akaosha mikono, akaondoka.

Nimelia kidogo. Baba alipofariki ni yeye aliyeuza ng'ombe wake nikaenda chuo cha ualimu. Leo ananidharau kwa sababu ya paneli? Nimekasirika na nina aibu, vyote pamoja.

Ijumaa, 8 Agosti. Kambini, jioni

Niandike haraka kabla sijaitwa.

Wageni wamefika saa nane. Kaka kawatangulia kufika – na jenereta! Kaazima ya kanisani kwao, kaifunga nyuma ya bodaboda, na petroli kanunua kwa hela yake. Kwa hela yake mwenyewe, nami sola ninayo, imejaa. Nikaionyesha kidole nikamwuliza, hii ya nini? Akasema, "Ya akiba," akavuta kamba.

Basi tukaanza tena kupigiana makelele mchana kweupe. Wageni wakakunja nyuso lakini ni watu wa adabu. Kaka katikati yao, shikamoo mzee, marahaba, marahaba. Hadithi moja baada ya nyingine, hampi mtu nafasi ya kuuliza. Mkubwa wao, Charles, ameshaamua kwamba huyu mzee ni hazina. Mtu akitaka kumwambia kitu inabidi amsogelee uso kwa uso, apaze sauti, afungue mdomo wote. Si mmoja. Sote. Nikamwangalia, nikasema moyoni, leo nitakukamata, sijui kwa lipi, lakini leo.

Saa kumi na moja petroli ikaisha. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kaka alikuwa kaipa mgongo, hatua kama kumi, anawasimulia alivyofukuza tembo kwenye mashamba ya watu kwa baruti, mwaka hadi mwaka, anazirusha kwa mkono zinalipukia juu ya kichwa chake.

Sote tukashusha sauti. Aneth alikuwa anapiga kelele kuomba chumvi, akamalizia neno kwa kunong'ona, tukacheka.

Kaka hakushusha. Aliendelea kupiga kelele. Pale kimya kote, sauti yake peke yake inagonga majabali na kurudi – "TEMBO HANA HARAKA! TEMBO ANAKUJUA!" Wageni wakadhani ni vituko vya hadithi. Mmoja akapiga makofi. Mimi nimesimama na mwiko mkononi, ugali unaungua.

Simu anazokata. Vidole vitatu kwa Yudith. Jabali. Mdomo wangu.

Jenereta ikiwaka, sote hatusikii. Ndiyo furaha yake. Ikiwaka, kila mtu anapaza sauti, kila mtu anauliza "unasemaje?", yeye ni mtu kama watu.

Akaziona nyuso. Akageuka taratibu, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Nimemjua kaka yangu miaka hamsini na nane, sijawahi kumwona anaogopa. Hata mbele ya maiti ya wifi. Akachukua dumu akaenda kumimina petroli, nyingine ikamwagikia viatu vyake, akavuta kamba. Na mimi nilimpima mafuta kwa kikombe.

Aneth kanifuata jikoni: "Mama, mjomba ana nini?" Nikamwambia amechoka. Nimedanganya bila kufikiri.

Kesho alfajiri anawapeleka korongoni. Watu sita na mwanangu.

Jumamosi, 9 Agosti. Saa kumi na mbili na robo asubuhi

Naandikia juu ya kifuniko cha deli la vyakula. Wageni wanakunywa chai, jenereta imezimwa, wamekubaliana wenyewe kwamba asubuhi watumie sola.

Nilimfuata kabla hawajaamka. Nikasimama mbele yake kwenye mwanga, nikasema polepole, kaka, safari hii tuiahirishe, nitawaambia mguu unakuuma. Alinisoma midomo mpaka mwisho. Akasema, kwa sauti ya chini mno kama mtu asiyejua imetoka kiasi gani: "Macho yangu mazima, Lydia. Ukinitoa huku nikakae wapi?"

Nikainama nikachochea moto.

Halafu akasema, "Utembee nyuma yangu. Ukisikia kitu, nishike bega."

Mimi! Mwalimu wa darasa la tatu. Nitasikia kitu gani? Sijui tembo analiaje. Nimewahi kuwasikia watoto wakiongea nyuma ya darasa, basi.

Amewapanga mstari. Anawaambia tembo hutamwona kwanza, utamsikia, anavunja matawi, kwa hiyo kuanzia hapa hakuna mtu kusema neno. Charles anasema, mzee, masikio yetu ni wewe. Aneth ananiangalia mimi. Anajua, au anaanza kujua. Ananiuliza, kwa midomo tu, twende?

Nikisema ukweli hapa mbele yao, namwua kaka. Nisiposema na tukaenda, sijui namwua nani. Nimeshavaa raba za Aneth, zinanibana. Nimefungua mdomo mara mbili.

Kuna kitu kimevunjika kule korongoni. Tawi. Siyo dogo.

Wengine hawakusikia, wanacheka na vikombe vyao. Nasikia tena, karibu zaidi. Kaka ameinama, anafunga kamba ya kiatu.