Betri ya Mjukuu Nimeificha Kwenye Gunia la Vitambaa

Kwako mshauri, mpendwa wangu nisiyekujua sura, naomba msaada, na naomba unijibu upesi maana huyu mtoto anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo na mimi tangu juzi chakula hakipiti kooni. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, shule niliiacha kabla herufi hazijanikubali kukaa kwenye mstari, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda mlima ujue ndivyo ulivyo, lakini usije ukaniona mjinga, nimeshona maisha yangu yote, makochi ya nusu ya mtaa huu yamevaa nguo zangu na hakuna aliyewahi kunirudishia kazi.

Sasa sikiliza. Mjukuu wangu wa kike, niliyemlea mwenyewe tangu ananyonya kidole, amepata wazimu wa baiskeli. Si baiskeli ya kwenda dukani, hiyo ningeielewa. Anasema yeye na rafiki yake wanakwenda safari ndefu, wanakanyaga mchana kutwa, wanalala kwenye hema. Nikamuuliza, mnakwenda kwa nani? "Hakuna mtu, bibi." Kuna msiba? "Hapana, bibi." Sasa mnakwenda kufanya nini? "Kuona." Kuona nini, kwani hapa nyumbani macho huna?

Nilimeza maneno yangu kwa sababu aliniomba nimshonee mifuko ya kuning'iniza pembeni ya gurudumu la nyuma, na kazi ni kazi. Nikamshonea kwa turubai la lori, mshono mara mbili, mvua ipige itakavyo. Chumba kikageuka stoo, mara hema limekunjwa kama mkate, mara pampu fupi kama kidole gumba, mara mipira ya ndani ya akiba, mara jiko linaloenea kiganjani ambalo halitachemsha hata chai ya mgonjwa, yote hayo nikayaacha yapite. Kisha akaja na betri.

Aliyemuundia ni fundi simu wa pale kona. Amechukua betri za kompyuta zilizokufa, kazifunga pamoja kwa gundi na utepe mweusi, kitu kizima kama nusu tofali, waya mbili zimetokeza kama sharubu za kambare. "Hii bibi itachaji simu, maana ramani yote imo kwenye simu, halafu itawasha taa ya mbele na ya nyuma." Niliposikia taa moyo ukatulia, nikasema angalau hapo katumia akili, nikaishonea betri mfuko wake peke yake, nikaujaza sponji kila upande kama kitanda cha mtoto mchanga, isigongwe, isipigwe baridi, nikaweka na vifungo. Nilijivunia mfuko ule, sikufichi.

Akaichaji humo humo ndani ya mfuko, juu ya meza yangu ya kukatia. Nikanyoosha mkono kuchukua uzi, mkono ukagusa mfuko, mshauri, ulikuwa moto kama pasi. Nikafungua vifungo. Betri imevimba tumbo kama chura, na inatoa harufu, harufu tamu tamu hivi kama rangi ya kucha. Nikachomoa waya ukutani.

Yeye alikuwa bafuni. Ningemwita. Sikumwita. Nilisubiri ipoe, nikaichukua nikaifukia ndani ya gunia la mabaki ya vitambaa, lile linalokaa miguuni pa kitanda changu, nikasema moyoni, akiikosa safari imekufa. Akatoka, akaitafuta nyumba nzima, akainua hata mito. "Bibi, hujaiona betri yangu?" Nikamwambia, "Mimi betri ya nini, cherehani yangu naiendesha kwa miguu." Akacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Nilidhani atanuna, angenuna ningefurahi. Alikaa kitako pale sakafuni katikati ya vitu vyake akasema, "Basi, nitakwenda bila taa. Nitakuwa makini."

Bila taa! Mshauri, baba yake huyu mtoto, mwanangu wa kwanza, alikuwa akirudi kazini kwa baiskeli, giza linaingia, taa hana, lori likamjia kwa nyuma. Dereva aliapa kwamba hakuona kitu barabarani, na mimi nilimwamini, hiyo ndiyo inayoniumiza, nilimwamini. Mjukuu wangu anajua baba yake alikufa kwa ajali. Habari ya taa haijui. Sijawahi kuitoa mdomoni.

Sasa niko katikati. Nikimrudishia betri, namwona anapanda mlima na moto mgongoni. Nisipomrudishia, namwona gizani, na nyuma yake kuna kitu kinakuja. Na lile gunia nalo, kila nikipita nalitegea sikio kama lina nyoka ndani. Leo nimeweka kiganja juu yake, lina uvuguvugu. Nikajiambia ni jua la dirishani. Dirisha lile halipati jua.

Nifanye nini? Usiniletee maneno marefu ya vitabuni, na jina langu usiliandike.

Bibi mshona makochi

*

Shikamoo bibi. Nimeshakuamkia, sasa niruhusu nikugombeze.

Barua yako sikuiacha ingoje zamu yake. Nilipofika kwenye dirisha lisilopata jua niligeuza bahasha, nikakuta umeandika namba ya simu, nikapiga hapo hapo huku nimesimama. Akapokea mjukuu wako, wewe umekwenda kununua uzi. Nilimwambia maneno machache tu: gunia la vitambaa lililo miguuni pa kitanda cha bibi yako, lishike kwa pembe, litoe nje sasa hivi, usilifungulie ndani. Hakuniuliza mimi ni nani. Nilisikia ndala zikikimbia.

Aliponipigia baadaye alikuwa anahema. Kitambaa kilichoshikana na betri kilikuwa kimebabuka rangi ya kahawia, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Umesikia, bibi? Ulikuwa umeifunika hatari kwa vitu vinavyoshika moto haraka kuliko vyote ulivyonavyo, ukaiweka hapo unapolaza miguu. Kesho yake ulinipigia ukanifokea kwa kukutobolea siri, halafu ukasema, "Ichapishe, wengine wasikie." Basi na wasikie.

Betri ile haina uponyaji. Ikae pale pale uani, kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, juu ya saruji tupu, mbali na ukuta na mbali na mtungi wa gesi. Usiitoboe kutoa hewa, nakujua wewe na sindano zako. Asije mtu akaichaji eti aone kama imepata nafuu, na isitupwe jalalani ikakandamizwa na taka. Ipelekwe kwa wanaopokea betri chakavu, ikiwa ndani ya mchanga wake. Na huyo fundi wa kona aambiwe, kabla hajamuundia mtoto wa mwenzio nyingine.

Lakini kosa si la fundi peke yake. Ule mfuko ulioujaza sponji ni mzuri, siukatai, ila betri si kichanga. Ikichajiwa hutoa joto, na joto linataka pa kutokea, wewe ukalifungia vifungo. Usiishonee tena kitu chenye sponji.

Sasa vifaa, maana safari ipo, bibi, tusidanganyane. Kosa la mjukuu wako ni kutaka kitu kimoja kifanye kila kazi. Taa zitengwe na simu. Mbele afungiwe dinamo, unaikumbuka, ile inayosuguana na tairi; maadamu anakanyaga, inawaka. Akisimama inazimika, kwa hiyo nyuma aweke taa nyekundu ya kujitegemea, ya betri kavu za dukani, na betri za akiba zikae kwenye mfuko mkavu. Kwa ajili ya simu anunue pawabenki iliyotoka kiwandani, isiyofunguliwa, yenye uwezo wake umeandikwa juu, ya kutosha kujaza simu mara mbili au tatu. Asinunue kubwa ya kujionyesha, mlimani ataisukuma mwenyewe. Aichaji juu ya sahani au kigae, nje ya mfuko, yeye akiwapo na macho wazi. Njiani ikae kwenye kifuko cha kufunga mbele kwenye usukani, si chini ya nguo, wala isiachwe hemani jua linapowaka. Ikivimba, ikinuka, ikimchoma kiganja, aachane nayo, asiihurumie. Jina la kila mji wa kulala aliandike pia kwenye karatasi, simu ikizima asihangaike. Na jua likianza kuinama, hema liwe limeshasimama.

Wewe, badala ya kuficha vitu vya watu, tafuta utepe ung'aao, ule wa makoti ya wajenga barabara. Ushone nyuma ya mifuko yote miwili, mpana, dereva auone kutoka mbali. Mshono mara mbili, kama kawaida yako.

Limebaki moja, na hilo dukani haliuzwi. Habari ya baba yake sikuigusa kwenye simu. Uliniambia bado hujaitamka, na gazeti hili sasa liko mkononi mwako. Lisimfikie kabla ya mdomo wako. Ulimficha ili asiogope barabara, lakini anayeogopa taa isizime huangalia taa yake kila jioni, na yeye alikuwa tayari kuondoka bila taa kwa sababu hakuna aliyemwambia taa ni nini katika nyumba hiyo. Mkalishe leo. Ukilia, lia, lakini maliza kusema.

Usihofu kwamba atakuchukia. Siku ile, gunia likiwa limeshatoka nje, nilingoja akulalamikie, akuite mwongo, anieleze jinsi alivyoinua mito nyumba nzima. Hakusema hata moja. Aliniuliza tu kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa jibu:

"Na bibi amekuwa akilala pale siku zote hizi?"