Babu Ameenda kwa Kaunsela

Debra na Griffins,

Omena iko kwenye sufuria nyekundu. Kuku wapewe maji. Mama Naswa akija mwambieni anisubiri, nina habari ya kusikiliza mtu akiwa ameketi.

Nimempeleka babu yenu kliniki, Kondele. Tangu ndugu yake Absalom atutoke, mnajua vile amenyamaza. Sasa asubuhi wamenipigia simu: bima ya serikali imekubali kumlipia yule mshauri anayesikiliza wazee wenye huzuni. Nikamwita, "Mzee, vaa, tunaenda kwa kaunsela."

Lakini babu yenu anajua kaunsela mmoja tu, yule diwani wa wadi wa siku zile. Amevaa koti la kanisa, akaomba kalamu, akaandika malalamiko yake kwenye karatasi. Akaniambia, "Ajwang, leo huyo mtu atanisikia." Miezi minne sijasikia sauti hiyo. Nikauma mdomo nisicheke.

~~Tukirudi mwambieni ukweli, mimi nitaangua kicheko.~~ Hapana, msimwambie kitu. Alipokuwa akitafuta viatu nilichungulia ile karatasi. Kwanza, mtaro umeziba. Pili, taa ya njia imekufa. Tatu, tangu Absalom aende sina mtu wa kucheza naye bao la ajua.

Basi kwa hilo la tatu, si amepata kaunsela wake.

Ubao wa ajua uko juu ya kabati, ufuteni vumbi na mhesabu kete kama zimetimia. Griffins, usimwachie ashinde. Atajua, na atakutukana mpaka jioni. Afadhali hata hivyo atakuwa anaongea.

Nyanya yenu